Robo ya Tatu

Ngazi ya umeme imesimama tangu Pasaka.
Tunaipanda kwa miguu kama ngazi nyingine,
ila vidato vyake ni virefu kidogo:
vilipimwa kwa ajili ya mtu anayebebwa.

Zamani walivuka na kivuko cha Kamanga
kuja kuipanda tu. Hawakununua kitu.
Mzee Lugembe, mwenye mali, akisema waacheni,
anayepanda leo bure kesho atashuka na mfuko.
Wakashuka na mifuko kweli:
sufuria, vitenge, redio za betri,
viatu vyeupe vya Komunio ya kwanza,
nami goti chini, nikiwafunga kamba,
miaka ishirini na miwili, idara ya viatu.

Sasa Musoma imefungwa. Bukoba imefungwa.
Geita wamebakiza mlinzi na paka.
Sisi wa Mwanza tunaitwa tawi mama,
kama mgonjwa anavyoitwa shujaa.

Juzi alikuja mtaalamu, kijana, soksi hazionekani.
Akatuchorea mstari wa mwanga ukutani:
unashuka, unashuka, unagusa chini,
halafu unapinda juu
kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake.
"Hapa," akasema, akipagonga penye kupinda,
"ni robo ya tatu."
Nshoma wa vyombo akauliza: robo ya tatu ya nini?
Hakuna aliyecheka.
Mishahara yetu ni nusu tangu Machi.

Hesabu yangu ni nyingine. Nimeiandika nyuma ya risiti,
kwani karatasi za risiti tunazo, wateja ndio hatuna.
Nje, Makoroboi nzima imeegemea ukuta wetu:
shati lile lile, lebo ile ile,
limetundikwa msumarini, limepigwa na jua,
na bei inayosikia ukiongea nayo.
Bei zetu ni viziwi. Zimebandikwa.
Mlangoni mlinzi anakagua mkoba wa mama
kabla hajamwamkia.
Nani apoteze nauli toka Buhongwa
aje kuambiwa usiguse?

Nikaandika: vueni nguo nailoni.
Nikaandika: Januari, sare za shule kwa mafungu,
daftari la majina nitashika mimi,
nawajua wanaolipa, nimewashika miguu.
Nikaandika: ukumbi wa chini wapangisheni
hao hao wanaotuegemea;
afadhali kodi ya adui kuliko kivuli chake.
Nikaandika: ngazi
nikakata. Fundi alitaja milioni tisini
na kifaa kinachokuja kwa meli.

Mtaalamu akapokea risiti kwa mikono miwili, ana adabu,
akaipindua, akasoma upande wa mbele.
"Hii jozi ilirudishwa?"
Ilirudishwa. Ilikuwa inabana.

Benki wametupa hadi Septemba.
Jioni nafuta vumbi kwenye viatu namba arobaini na tano,
ambavyo hakuna mguu umewahi kuviuliza,
na sijui kama nasubiri kufufuka kwa duka
au nalitengeneza tu lipendeze kwa kuzikwa.

Jumamosi akaingia mtoto peke yake,
ana sarafu moja kiganjani, hakuangalia bidhaa.
Akaenda moja kwa moja chini ya ngazi.
"Shangazi, inaanza saa ngapi?"
Nikatazama saa, kama muuzaji anavyopaswa.
"Robo ya tatu," nikamwambia.
Akaitika, kama mtu aliyejibiwa sawasawa,
akaketi kidato cha kwanza
akaanza kusubiri.