Kiinua Mgongo

Kiinua mgongo changu
nimekitumia kukata mgongo wa kobe.
Ndivyo Bupe anavyowaambia majirani wa Iyunga,
na sina la kumjibu, ni kweli:
miaka thelathini na moja nimekaza nati za mabehewa,
nikapewa mkono, cheti, na bahasha;
wenzangu wakaenda kumwaga zege,
mimi nikaenda Tukuyu kuvuta Volksi la meneja wa chai
lililokuwa limelaliwa na kuku tangu meneja aondoke.

Kuku walihama. Mayai mawili yalibaki
chini ya kiti cha nyuma.

Paa nililikata kwa msumeno wa mkono, jioni tatu.
Kioo cha mbele kikabaki shubiri moja na nusu.
Milango nikaichomelea: mtu ataingia kwa kuruka
au asiingie.
Mkia aliufua Gwamaka, mtengeneza majiko wa Mwanjelwa,
siku nane juu ya gogo la mkaratusi
hadi bati likawa kama mgongo wa kijiko.
"Gari gani hili," aliuliza, "lisilo na paa,
Mbeya, mwezi wa tatu?"
Nikamwambia: piga nyundo.

Bodi ni sura tu. Kesi yangu ilikuwa na injini.
Kitabu kilisema farasi thelathini na nne.
Niliwafungulia, nikawahesabu: nusu wamekufa,
waliobaki wanakohoa.
Nikatanua silinda, nikaweka pistoni nene,
kabureta mbili badala ya moja,
na jeti nyembamba, maana hewa ya huku ni uji mwepesi;
injini ukiilisha kwa kipimo cha pwani, inapaliwa.

Ikanguruma. Jumamosi nikashuka nayo hadi Mbalizi,
nikageuza, nikakanyaga.
Kwenye mwinuko wa Iwambi krenki ikakatika,
sauti ya mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali.
Nguvu nilikuwa nimeiongeza;
kinachoibeba sikukigusa.
Nilirudi nimefungwa kamba nyuma ya lori la saruji,
nikitazamwa na vijana wa bajaji
waliokuwa na adabu ya kutocheka hadi nipite.

Miezi saba.

Andongwisye mchonga vyuma ndiye fundi pekee ninayemjua
asiyesema "itakaa tu".
Alikataa krenki ya kwanza. Alikataa ya pili.
Ya tatu aliigonga kwa ukucha, akaisikiliza,
akaiongezea uzito upande wa pili wa kila kiwiko
ili kila pistoni inayorushwa iwe na wa kuishika mkono.
Tumbo la injini tukalifunga mkanda wa chuma
uliotoka kwenye behewa chakavu la mnada,
behewa nililowahi kulitengeneza mimi.
Boliti nilizikaza kidogo kidogo, mshazari,
kama tulivyofundishwa karakana:
usimmalize mmoja kabla hujamwanza mwenzake.

Sasa farasi wako wangapi? Sijui. Hakuna wa kuwapima.

Bupe alipanda Jumapili, ametoka ibadani,
kilemba kichwani, koti langu la kazini,
na mwavuli ambao upepo ulikataa ufunguliwe.
Barabara ya Chunya haitaki maongezi:
kona, misonobari, kona, ukungu,
injini inapanda bila kuomba gia ya chini,
nami nimekaza meno nasubiri lile jiwe.

Halikuja.

Juu kabisa manyunyu yakaanza.
"Zima," alisema. "Nimechoka na makelele yako."
Nikazima.
Chuma kikaanza kupoa: tik, tik. Kimya. Tik.
Akashuka kwa kuruka, miaka hamsini na nane, akaruka,
akazunguka nyuma, akafunua kifuniko,
akanyoosha viganja juu ya injini
kama afanyavyo kwenye jiko la mkaa
asubuhi za mwezi wa sita.

"Njoo basi," akasema, "kabla halijapoa."