Matone Matatu ya Lehemu

Igeuze kwanza. Usianze na uso.
Uso ni kioo chenye miji ambayo Kibuye haikuwahi kuifikia,
na mshale mwekundu uliokwama kati ya Lisboni na Viena
tangu mwaka wa mafuriko.
Habari zote ziko mgongoni.

Fungua skrubu tatu; ya nne ni msumari wa kiatu,
usiulize.
Humo mna vumbi, bawa la mende,
punje ya mtama ambayo panya aliiweka akiba akafa kabla ya njaa,
na vali tano zilizochuchumaa kwenye matundu yao,
kila moja imepakwa fedha utosini.
Fedha hiyo ikigeuka maziwa, baba alisema,
ujue hewa imeingia, roho imetoka.

Chini ya bamba la bati, kwa penseli ya nta:
Maud, 11/3/53.
Aliyeipima kiwandani, ng'ambo, kabla haijatiwa sandukuni.
Simjui. Najua tu mkono wake ulilalia kulia
na siku hiyo alikuwa na haraka,
kwa maana ile tatu ya mwisho haikumaliza kujikunja.

Sanduku si lake la kuzaliwa.
La kwanza lililiwa na mchwa kule Ahero,
ndipo Ratilal Mistri akachonga hili kwa mvule,
akalipiga msasa siku nne hadi likaota ngozi,
akachoma herufi zake mbili kwa chuma cha moto
mahali ambapo fundi mwenzake tu angeangalia.

Baba hakuchoma, hakuandika.
Shule aliiona kupitia dirishani, akifyeka nyasi zake.
Barnaba Wasonga alizisoma redio kwa pua:
hapa imeungua nta, hapa karatasi,
hapa uvivu wa fundi wa Kondele.
Na kila aliyoiponya aliiachia, pembe ya kushoto,
matone matatu ya lehemu
yasiyounganisha waya wowote.
Mama hakuacha kulalamika: lehemu ni unga, Barnaba.
Naye, bila kuinua macho:
"Moja la aliyeiunda. Moja la aliyeileta. Moja langu."

Mwaka jana alikuja kijana wa makumbusho na fomu.
Mtengenezaji: nafasi ya upana wa kidole gumba.
Akaandika jina la kiwanda, ikajaa.
Nikamwambia, bado watu watatu.
Akasema, kwa upole kabisa, fomu haina mstari huo.

Nikanunua daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Tangu hapo natembea.
Luanda, redio ni kiota cha kuku; nilingoja atage kwanza.
Maseno, iko kanisani, imekingia mguu mfupi wa mimbari.
Mumias, mjane mmoja, Nekoye, alinikatalia kuifungua,
akaniruhusu kupitisha kidole tu, kwa nyuma, gizani.
Moja. Mawili. Matatu.
Nikamwomba maji ya kunywa ili asinione uso.

Usiku huu nimeichomeka ya kwetu.
Haina papara. Hesabu hadi thelathini:
kwanza harufu ya vumbi linalooka,
kisha nyuzi zinaiva wekundu
kama mtu aliyetajwa jina mbele za watu,
kisha mngurumo.
Stesheni hakuna. Masafa ya kati yamebaki mahame,
ni radi za ziwani tu zinazopita humo, kra, kra,
zikienda zake.
Baba angesema inakohoa, basi ipo.

Nimeizima, nimengoja ipoe,
nimepasha chuma chake cha kulehemu.
Pembeni pa yale matatu nikadondosha la nne.
Limetapakaa vibaya, kama uji kidevuni mwa mtoto.
Nimeliacha hivyo.