Daraja

Miaka kumi na minane Aminieli alionja kahawa ya watu
hapa Moshi mjini, chumba cha nyuma, meza ya duara:
kijiko, mvuto mmoja wa kelele, kutema ndooni,
kisha neno. Hii ina limau.
Hii ililala kwenye gunia lenye unyevu.
Hii daraja la kwanza, msiichanganye.

Halafu pikipiki, mvua, kona ya Kiboriloni.
Fuvu lilishonwa, likashika.
Kilichomo ndani hakina uzi.

Nyumba ya kwanza tuliyompeleka ilikuwa na geti la kuteleza,
marumaru za kujitazamia, runinga pana kuliko kitanda.
Wakaguzi walipita, wakahesabu
vitanda, mitungi ya kuzimia moto, vyoo vyenye vishikio.
Vyote vilikuwepo. Wakaweka vyema, wakaondoka.
Hawakuja saa tisa usiku
kuiona kanga iliyomfunga mkono kwenye chuma cha kitanda,
kanga yangu, niliyomletea ajifunike,
na maandishi yake bado yanasomeka:
KIZURI CHAJIUZA.

Niliuliza. Wakasema, mama, huyu anatangatanga.
Nikasema, anayetangatanga ana mahali anapatafuta.
Walinitazama kama mimi ndiye niliyegonga kichwa.

Sasa yuko Rau, nyumba ya bati,
mfereji unapita nyuma, unasikika hadi chumbani.
Rangi imebanduka ukutani usawa wa viti vya magurudumu.
Jokofu linalia.
Ada imekula ng'ombe wawili, sasa inalitazama banda.

Ananiita Jumanne,
kwa kuwa nakuja Jumanne.
Mlima anauita sahani. Sahani anaiita kesho.
Mwanzoni nilikuwa namsahihisha,
kisha nalia njia nzima hadi Majengo.
Nakijwa, Mpare wa Ugweno, mhudumu wa zamu ya asubuhi,
hamsahihishi, wala hammalizii sentensi.
Anakaa. Mikono mapajani. Neno likikwama
analingoja kama mtu anayengoja wali ukauke,
bila kufunuafunua.
Siku moja nilipima kwa saa yangu: dakika nne.
Sijui mkaguzi gani ana kisanduku cha dakika nne.

Mwezi wa pili akaniuliza: kwa nini mumeo
anavuta chai kwa kelele, kisha anaitema?
Wenzangu wanasema adabu imepotea, au ni koo.
Nikacheka hadi nikakaa chini.
Siyo koo, mdogo wangu. Ni kazi.

Jumanne iliyofuata nilikuta vikombe vitatu mezani,
kahawa ya dukani, ya kopo, na moja isiyo na jina,
kijiko, ndoo ya plastiki ya bluu.
Aminieli amevaa shati la mikono mirefu.
Daktari alishasema pua ile haitanusa tena. Sawa.
Alivuta. Akatema. Akavuta cha pili.
Alipofika cha tatu sisi wawili hatukupumua.
"Hii," akasema,
na mfereji ukapita, ukapita,
"hii mmeiunguza."

Ilikuwa ya Nakijwa, aliikaanga mwenyewe alfajiri.
Hakupiga makofi. Alichukua daftari,
akaandika: saa nne na dakika ishirini, sentensi nzima.
Na chini yake: kweli niliiunguza.

Leo wamenipa fomu, niipe huduma daraja,
moja hadi tano.
Aminieli alikuwa akisema kikombe
hakihukumiwi kikiwa cha moto.
Fomu iko mkobani, imeanza kukunjika pembe.

Wiki baada ya ile hakusema neno.
Aligeukia ukuta, akatema hata maji.
Nakijwa akasuuza vikombe,
akavipanga tena.