Mama Chemi

Siku ya kwanza Bi Nateli alinyoosha kidole
kwenye picha ya mzee mwenye sharubu, ukutani juu ya jiko,
akasema: mama.
Nikacheka. Nikaomba radhi. Nikacheka tena.
Huku Kutaisi baba ndiye mama,
na aliyekuzaa wanamwita deda.

Kwetu Akola, kwenye mashamba ya pamba,
mama ni mjomba.
Wangu aliitwa Digambar, fundi wa pampu za maji,
aliyeuza ekari mbili na pikipiki
ili mpwa wake asomee udaktari
mahali ambapo ada inalipika.

Nilikuja na begi moja, bizari kwenye vichupa vya dawa,
na majivuno ya msichana aliyekuwa wa kwanza wilayani.
Majivuno yale hayakumaliza mwezi wa pili.
Niliupa mfupa jina la mfupa mwingine, darasa likanyamaza.
Dukani niliomba chumvi nikapewa sabuni,
nikailipia, nikaenda nayo nyumbani.
Kwenye simu nikasema: nala vizuri, mjomba, nalala vizuri.
Kumbe nala mkate mkavu kitandani, mlango nimeukomea,
kwa kuwa sili nyama na sijui kulisema hilo
bila kumvunjia mtu heshima.

Bi Nateli hakubisha hodi.
Aliweka bakuli sakafuni, akaondoka.
Maharage, kotimiri, kitunguu.
Siku ya nne nililirudisha limeoshwa.
Siku ya tano nililirudisha lina dengu.
Alionja, akakohoa hadi machozi yakamtoka,
akaleta sahani kubwa zaidi.

Tangu hapo nikaanza kukosea kwa sauti.
Kuuliza mara ya tatu.
Kumwambia Profesa Zaira, mbele ya wote, sijui,
na kugundua kwamba dari halikuanguka.

Januari mjomba akafa.
Nauli haikuwepo; mtihani ulikuwepo.
Niliutazama moto wake kwenye simu iliyokwamakwama:
moshi, paji la uso la binamu, giza, moshi.
Asubuhi nikaingia chumba cha mtihani nikafaulu,
na kufaulu kule
sijajisamehe.

Pasaka, Bi Nateli akanichukua makaburini.
Watu wameketi nyasini katikati ya wafu wao,
na keki, na divai,
na mayai mekundu wanayoyaviringisha juu ya kaburi.
Akamimina divai udongoni, akaliinamia jiwe:
mama chemi, mama chemi.
Baba yangu.
Mimi nikasikia: mjomba wangu.
Miguu ikaniisha nguvu.

Hakuuliza. Alinitia yai kiganjani, akageuka
akajifanya anang'oa magugu.
Sina kaburi; majivu yake yalikwenda na mto.
Nikaliviringisha hivyo hivyo, pembeni ya jiwe la baba wa mwingine,
likaenda upande, likakwama kwenye kijiti.
Mama chemi, nikasema.
Niliyatamka vibaya, nadhani. Ile ch yao bado inanishinda.

Tukiwa tunateremka akaniuliza kama alipenda divai.
Hapana, nikamwambia, chai. Ya tangawizi, sukari vijiko vitatu.
Akasimama kupumzisha goti lake.
Vitatu! akasema.
Basi mwakani tubebe chupa ya chai.