Risasi ya Kutoboa Karatasi

Fomu inauliza: *Sababu ya kumiliki silaha.*
Kulinda mali, ipo. Kuwinda, ipo.
Hakuna mahali pa kuandika
kutoboa karatasi, Jumamosi, mita mia,
kisha kurudi nyumbani kuchambua mlenda.

Koplo Chidawali aliinua macho:
"Mama wa famasi, karatasi zimekukosea nini?"
Hazijanikosea. Ndiyo maana.
Akafikiri, akalamba kidole, akaandika: *Mengineyo.*

Bunduki ya baba nimeisalimisha.
Ile ilikuwa ya nyati. Risasi yake nene kama kidole gumba,
na kila ukiifyatua inakudai.
Bega hili, lenye chuma tangu ajali ya Gairo,
lililipa mara mbili
likagoma.

Kwa hiyo nachagua.
Jivraj amezipanga nyuma ya kioo
kama mimi nipangavyo vidonge, wakubwa kushoto.

Mlewa, aliyelinda tembo Rungwa hadi kustaafu,
hababaiki: thelathini-sifuri-sita.
"Usipotikiswa utajuaje umepiga?"
Nitajua kwa kutazama tundu, Mlewa.
Anacheka, ananunua kumi; kumi ndizo anazozimudu kwa mwezi.
Nani alijifunza kusoma kwa herufi kumi?

Ipo tatu-sifuri-nane, ya heshima zake,
Jivraj anaisifu kwa sauti ya kuozesha binti.
Ipo ya milimita sita, kiuno chembamba,
inayosemwa huweka tundu juu ya tundu,
lakini huagizwa, na kuagiza ni kungoja,
na mimi nikingoja nitakuwa bingwa wa kungoja tu.
Ipo mbili-mbili-tatu. Hii nusura.
Niliishika kiganjani: uzito wa chupa ya matone ya macho
iliyobaki nusu.

Kisha nikaukumbuka upepo.

Mwezi wa tisa hapa unatoka mashariki
umebeba shamba la mtu.
Unaingia kwenye unga, kwenye kufuli, kwenye sala.
Uwanjani kwetu, nyuma ya majabali ya Ihumwa,
nimeuwekea vijiti vitatu na kanga kuukuu niliyoichana.
Ilikuwa imeandikwa USINIPIME KWA MACHO.
Sasa kijiti cha kwanza kinasema USINI,
cha pili PIME KWA,
cha tatu, karibu na shabaha, MACHO,
na mara nyingi havikubaliani.

Risasi kubwa hupita hapo kama mgeni wa wizara,
haisalimii kijiti hata kimoja.
Ndogo hubisha hodi kila mlango,
huulizwa habari, huvutwa mkono,
hufika imechelewa na imepinda,
na hunieleza yote iliyoyaona njiani.

Nikachukua mbili-mbili.
"Ya watoto," alisema Mlewa. "Ya panya buku."
Boksi zima, hamsini, kwa bei ya risasi zake nne.
Meza nimeisogeza hadi mita hamsini, sikuona haya.
Mfuko wa kulaza mtutu nimeushona mwenyewe
kwa mguu wa suruali ya Ndahani aliyehamia Mwanza,
nikaujaza mchanga wa korongoni, niliouchekecha
kama unga wa uji wa mgonjwa.

Miaka ishirini na nane nimepima dawa za watu.
Najua miligramu ni kitu gani.
Najua pia mkono unavyodanganya
dakika chache kabla ya chakula cha mchana.

Leo nimepiga tano.
Nne zimekaa chini ya sarafu ya shilingi mia,
nimeifunika, nimeifunua, nimeifunika tena.
Ya tano iko nje, magharibi, upana wa kidole.

Bunduki haina kosa. Risasi haina kosa.
Niliona PIME KWA ikigeuka.
Niliona,
nikavuta.