Juu ya Tanuri

Tulianza wawili, Tbilisi, juu ya tanuri la mkate,
Nestani na mimi, na kompyuta yenye kitufe kilichokufa:
herufi R tuliinakili kutoka maneno mengine.

Mteja wa kwanza, Guram, mfuga njiwa,
alitaka programu ya simu
ihesabu wanaorudi.
Alilipa nusu.
Nusu iliyobaki aliileta kwa ndoo, zabibu za uani kwake.

Leo tuko tisa. Mlango ni wa kioo.
Vijana wanaandika programu, mimi naandika ankara.

Usiku, wote wakishaondoka,
naifungua ile kazi ya kwanza,
nalitazama kosa ambalo hakuna aliyelilalamikia:
njiwa mmoja, tangu mwaka ule,
bado anahesabiwa yuko njiani.

Simfuti.