Kielelezo Nambari Saba

Iliibwa usiku wa kuamkia Ijumaa,
hapa hapa Majengo, mbele ya mlango wangu,
minyororo miwili, kufuli ya Mchina,
nami nimelala, ukuta mmoja tu kati yetu.
Tuktuk ya kijani. Nyuma imeandikwa
kwa mkono wa Fumo, mchoraji wa mabango:
SUBIRA YAVUTA HERI.
Nilimlipa mia tano na sahani ya wali.

Bangili zangu mbili ndizo injini ile.
Kidani cha mamangu ndicho magurudumu.
Na mifereji ikikauka, kama ikaukavyo,
ndiyo iliyobeba madumu ya maji
hadi kwa Bi Tima, na madeni yake.

Kituoni wakaniuliza: una hakika imeibwa?
Labda umeisahau mahali.
Bwanangu, nikasema, kisahauliwacho ni mwavuli.
Kalamu yao haina wino. Nikatoa yangu.
Kitabu kimejaa, kingine kiko kwa mkubwa,
mkubwa yuko mkutanoni,
mkutano uko Malindi.

Wiki ya tatu ikaonekana
Mariakani, imefunikwa makuti,
na aliyelala ndani ni Omari wa Rukia,
niliyemkanda tumbo la mchango alipokuwa mchanga.
Nikapiga vigelegele katikati ya barabara.
Sikujua.

Kumbe Omari akishtakiwa
na tuktuk yashtakiwa naye:
Kielelezo Nambari Saba.
Omari alipata dhamana siku ya pili.
Tuktuk haikupata.
Aliyeiba yuko nje, kilichoibwa kiko ndani,
na mwenyewe niko mlangoni, napiga hodi.

Kesi ikitajwa, shahidi hayuko.
Shahidi akiwepo, faili halionekani.
Faili likionekana, hakimu ana homa,
nami namwombea hakimu afya njema
kwa bidii ambayo marehemu mume wangu,
Mungu anisamehe,
hakuipata.

Koplo Mwachiro ni mtu mpole.
Mama, lete logibuku.
Logibuku ilikuwa chini ya kiti.
Kiti kiko wapi?
Akatazama. Nikatazama.
Haya, tutaandika.

Kila Jumatano naenda kuizuru kama mgonjwa,
wavu wa waya kati yetu.
Ilianza kuondoka betri.
Kisha kioo cha kushoto,
kile nilichokuwa nikijitengenezea mtandio.
Kisha gurudumu la mbele, ikapiga magoti.
Paka amezaa ndani, watoto wanne,
mmoja ana rangi ya kutu hasa, kama aliyetoka kwenye bodi yenyewe.
Nikauliza: ni nani aibaye ndani ya kituo?
Koplo akatazama buti zake.
Ni chumvi ya bahari, mama. Hula chuma.
Na nati, chumvi huifungua kwa spana namba ngapi?

Juzi bati la nyuma limekatwa.
Lililobaki lasomeka SUBIRA YAVUTA.
Nilisimama pale nikilisoma mara mbili, mara tatu,
mpaka askari wa zamu akaniuliza kama najisikia vibaya.

Na jana, Mwembe Tayari,
nimebeba unga na mafuta, jua liko utosini,
pikipiki ikasimama ubavuni mwangu. Mpya,
kiti bado kina nailoni.
Shikamoo mama.
Marahaba, nikaitika. Ulimi una mazoea yake.
Omari akaniuliza kesi imefika wapi,
vile mtu aulizavyo habari za mvua.
Nikamwambia, tarehe kumi na tisa.
Akasema, aa, hata mimi nilisahau.
Kisha: panda nikupeleke.

Nina goti bovu. Unga ulikuwa kilo kumi.

Nilipanda.
Nikashika chuma cha nyuma, si mabega yake.
Makupa, kona ya kwanza, ya pili,
kichochoro cha muuza mbaazi,
wala sikumwelekeza, wala hakuuliza.
Alisimama pale pale mlangoni,
juu ya doa la mafuta
ambalo nimelisugua miezi kumi na minne
na halijatoka.